Wageni wa Desemba

Bi Time binti Haroub alikuwa na jina Pangani nzima, na jina hilo hakulipata kwa mali wala kwa sura. Alilipata kwa mdomo. Alizaliwa Pemba, akaletwa Pangani angali mwari na mume wa asili ya Kiarabu, Abdulghani, aliyekuwa na duka la vitambaa na kipande cha shamba la minazi. Tangu siku aliyoshusha masanduku yake, wanawake wa mtaa walijua wamepata mtu wa kuwachekesha. Kwenye harusi, waliokuwa wakimenya vitunguu waligombea kukaa naye mkeka mmoja. Kwenye misiba walimkwepa macho, wasije wakaangua kicheko maiti bado yumo ndani. Abdulghani alipofariki duka lilifungwa, watoto wakatawanyika na kazi zao, mdomo ukabaki na mwenyewe.

Mwezi wake ulikuwa Desemba. Shule zikifungwa, mwanawe Khalifa, mtu wa Dar es Salaam, humpakia mkewe Bayan na mtoto wao Muhanad garini, na binti yake Afra hupanda basi kutoka Dodoma alikokuwa akifanya kazi katika ofisi ya bima. Wote hushukia kwa mama mpaka mwaka ubadilike. Bi Time alikuwa akisema kwamba Krismasi si yake, na kwamba mwaka wake yeye ulishaanza kitambo tangu Muharram, ila hakuna Mkristo anayeikoma Krismasi kama anavyoikoma yeye. Magodoro hutolewa juani yakapigwa fimbo. Vyandarua hufuliwa. Machungwa huagizwa Muheza kwa gunia, kana kwamba wanaokuja ni timu ya mpira. Kila kazi ilikuwa na manung'uniko yake, na wageni wakishaondoka alibaki na maneno ya kuwachekesha watu mpaka Ramadhani.

Mwaka huo, Desemba ilipoingia, jirani yake Nasma alikuwa Tanga mjini akimuuguza dada yake. Alasiri moja Bi Time alikuwa uani anachagua mchele, simu ikalia. Nasma alikuwa ameandika kwamba amechoka kunusa dawa, na kwamba amchekeshe kidogo. Bi Time aliweka ungo chini, akaisogeza simu mdomoni kama anayetaka kuila, akaanza.

Alianza na Bayan. Mke wa Khalifa alikulia Maskati, na kwa mujibu wa Bi Time alikuwa mtu anayeosha mikono kabla ya kwenda kuosha mikono, na anayekuja na katoni za maji ya chupa kana kwamba watu wa Pangani wanakunywa mtoni, zamu moja na mamba. Akamgeukia mjukuu wake, kwamba mwaka jana jogoo alipowika alfajiri, Muhanad aliamka akauliza inazimiwa wapi. Akamfikia Khalifa, aliyekuwa akila boko-boko, ule mseto mzito wa ngano na nyama, sahani juu ya sahani huku akieleza namna anavyopunguza mwili, na ambaye tangu aoe hawezi kusema kama anasikia joto mpaka kwanza amtazame mkewe.

Kisha akamfikia binti yake.

"Na Afra wangu ndiyo usiseme," alisema, akicheka mwenyewe kabla hajamaliza. "Kila mwaka mabegi yanaongezeka, mume anapungua. Mwaka juzi alikuja na mume. Mwaka jana akaja na picha ya mume kwenye simu. Mwaka huu wallahi sijui ataleta nini, labda chaja yake."

Akaachia kidole, ujumbe wa sauti ukaenda. Akarudia mchele wake na roho yake nyeupe.

Asubuhi yake Nasma akauliza mbona kimya, amekosa nini. Bi Time akavaa miwani, akafungua simu, akaona. Ujumbe wote, tangu mikono ya Bayan hadi chaja, ulikuwa umekwenda kwenye kundi la familia. Chini yake zilikuwapo zile alama za buluu, maana yake wote walishasikia. Akajaribu kuufuta. Ukafutika kwake tu, kwa wengine ukabaki.

Alingoja wamseme. Hakuna aliyemsema. Ijumaa Khalifa alituma picha ya msikiti yenye dua, kama kawaida yake, na watu wakaitikia amina. Kimya hicho Bi Time hakukipenda, maana yeye ugomvi alikuwa akiuweza. Hatimaye Khalifa alipiga. Alimwamkia, akauliza hali ya magoti yake, akazungukazunguka sana, ndipo akasema kwamba mwaka huu wameona wasimchoshe. Wamechukua chumba kwenye hoteli ya ufukweni, ng'ambo ya mto. Watavuka kuja kumwona. Afra naye aliandika mstari mmoja tu, kwamba kazi ni nyingi, hataweza kufika.

Bi Time hakuhitaji kuambiwa huo ulikuwa mkono wa nani. Ni Bayan. Mwanamke amesikia habari za mikono yake na maji yake, amenuna, amemshika Khalifa sikio. Akakaa na hasira hiyo majuma mazima, akaipalilia vizuri. Magodoro aliyapiga vilevile, ila sasa aliyapiga kwa nguvu zaidi. Majirani walipouliza wageni wanafika lini, alijibu kwamba nyumba ina fundi wa choo, ndiyo maana watoto amewapeleka hotelini. Alisema "amewapeleka", kana kwamba analipa yeye.

Walipofika kweli, Khalifa alipiga simu akamwambia watavuka kesho yake kuja kumwona. Bi Time hakungoja kuonwa. Aliamka akapika boko-boko, akalisonga mpaka bega likamuuma, akalitia kwenye hotipoti kubwa, akavaa buibui lake la kutokea na kushuka kivukoni. Upande wa pili alipanda bodaboda, hotipoti amelipakata kama mtoto mchanga, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Bayan. Yalikuwa maneno mazuri. Mengine yalimchekesha mwenyewe pale juu ya pikipiki.

Getini alikuta mlinzi mwenye adabu, jina lake Mathew, ambaye alimwamkia shikamoo na kisha akamweleza kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi kuingia. Bi Time alimuuliza nje ni wapi. Yeye amekaa Pangani tangu mlinzi huyo hajazaliwa, na hiyo hoteli ndiyo imetoka nje ikaja. Mathew alikubali yote kwa kichwa, ila geti hakulifungua. Akapiga simu ndani.

Aliyekuja ni Bayan. Alikuja mbiombio kwa ndara, ushungi umemlegea, akaushika mkono wa mkwewe na kuubusu. Akamwomba Mathew radhi, akamwambia hilo ni jambo la dawa za mama, na mlinzi naye akaangalia baharini kwa ustaarabu mpaka hotipoti likapita chini ya ushungi. Bi Time alifuata nyuma na maneno yake aliyoyapanga, na kila hatua yalizidi kukosa pa kuanzia.

Walikula chumbani, mlango umefungwa, sinia la chai ndilo sahani yao. Muhanad alikula akamwonyesha bibi yake swichi za taa zote. Khalifa alikula bila kuzungumzia mwili wake. Alipomaliza alimchukua mtoto wakaenda kuogelea, na Bi Time alipoona wamebaki wawili akaona wakati umefika.

"Haya," alisema. "Nitukane, nimekaa hapa. Lakini kumtoa mwanangu kwenye nyumba ya babake, hilo hukulifanya vizuri."

Bayan alimtazama kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Akasema yeye ile sauti aliisikiliza akacheka mpaka Khalifa akamnyang'anya simu. Habari ya jogoo ni kweli. Habari ya mikono ni kweli pia, mamake mzazi humsema hivyo hivyo. Yeye alitaka waje nyumbani kama siku zote.

"Ni Afra, mama," alisema. "Afra ndiye aliyempigia kaka yake. Alimwambia, msiende kumchosha mama, sisi kumbe tunamchosha. Na mimi siendi."

Bi Time akasema lakini ule ulikuwa utani, na Afra anamjua mamake. Bayan alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena. Alionekana hataki kuendelea, ila aliendelea kwa kuwa alishaanza.

"Anakujua. Ndiyo maana aliiweka kwa sauti kubwa. Alikuwa ofisini, wakati wa chakula. Kila mwaka huwasikilizisha wenzake maneno yako, mama, wanakupenda kule, wanakuita Bibi wa Pangani. Akawaambia nyamazeni, mama yangu ameanza Desemba. Wakasikiliza wote mpaka mwisho. Walikuwa hawajui kama ameachwa. Hakuwa amemwambia mtu."

Nje watoto wa watu walikuwa wakipiga makelele majini. Bi Time alikumbuka jambo alilolisahau, au alilokuwa amelisukuma: kwamba Desemba iliyopita, Afra alipoonyesha ile picha ya Sabiri, mumewe, na kusema amebanwa na safari, alikuwa akiongea haraka haraka, na yeye mama mtu aliliona hilo, akaona jinsi litakavyochekesha akilisimulia.

Khalifa alimrudisha kivukoni jioni ilipokaribia. Ndani ya gari Bi Time alisema tena kwamba ulikuwa utani.

"Ndiyo, mama," Khalifa alisema. "Sote tunajua ulikuwa utani."

Alisema kwa upole, na Bi Time alitamani angefoka.

Siku iliyofuata alimpigia Afra. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameyaweka maneno sawa kichwani. Afra alipokea, akasema shikamoo, akauliza magoti, akauliza kama Muhanad amekua. Sauti yake ilikuwa safi kama ya mtu aliye nyuma ya kaunta. Basi Bi Time akaogopa, na alipoogopa ulimi ukakimbilia ulikozoea. Akaanza kumsimulia hoteli, kwamba mkate wao wameukata mwembamba hata ukiuinua unamwona aliyekaa mbele yako, na kwamba boko-boko limevushwa geti kama bangi. Afra alicheka. Alicheka mahali panapostahili, kwa kiasi kinachostahili, kama anavyochekewa mteja.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Time akasema.

"Nimekusamehe, mama. Nilikusamehe siku ile ile."

"Basi njoo."

"Tatizo lako unasema vizuri mno," Afra alisema. "Angesema mtu mwingine, wangesahau. Hapa mpaka leo mtu akitafuta waya wa simu, wanatazamana. Kuna mmoja aliniuliza, bila ubaya, kama chaja nayo mume amenipokonya." Kisha akasema ameitwa, ana mteja, na kwamba atakuja Idi, Inshallah.

Mwaka ulibadilika. Khalifa na familia yake walivuka siku ya mwisho, wakala wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakakaa mpaka alasiri, wakarudi hotelini kufunga mabegi. Machungwa ya Muheza yaliyoagizwa kwa mazoea yalibaki nusu gunia, mengine yakaoza, mengine akagawia mtaa. Nasma alirudi kutoka Tanga, dada yake amepona. Siku hiyo hiyo alikuja na wanawake wengine wawili, wakatandika mkeka na kumwambia haya, tupe wageni wa mwaka huu, tumekaa na kiu. Bi Time aliwapa habari ya geti na mlinzi. Walicheka wakashikana mabega. Alikuwa na nyingine zilizo bora zaidi, wao walijua anazo, wakamngoja. Akasema chai inapoa.

Idi ilipofika, Afra alikuja. Alikuja na begi moja dogo. Alikuwa amekonda, nguo mpya imemkaa vizuri, na majirani walipokuja kupeana mkono wa Idi alikaa sebuleni na kuwapitishia visheti. Bi Time alikuwa amejiapia kutotania. Siku zote mbili alizungumza na binti yake kama watu wanavyozungumza ofisini: umelala vizuri, ongeza mchuzi, Dodoma kuna baridi siku hizi. Mara nyingi neno lilimfika hapa kooni, neno zuri, la Nasma na kofia mpya ya mumewe, la imamu na kipaza sauti, akalimeza. Afra alikuwa akimtazama. Wakati mwingine aliinua uso kana kwamba amesikia jambo linakuja, kisha akarudi kwenye sahani yake. Walipokosa la kusema, waliwasha televisheni wakatazama watu wa nchi nyingine wakisherehekea.

Asubuhi ya safari Bi Time alimsindikiza stendi. Kondakta alishachukua begi. Afra alimbusu mamake mkono, akapanda ngazi moja, akageuka.

"Mama, umekuwa kimya sana safari hii," alisema. "Njia nzima nilipokuwa nakuja, nilikuwa najiambia utanichekesha."

Bi Time alifungua mdomo. Nyuma ya Afra mtu mwenye kuku alikuwa akisukuma ili apite, na Afra akasogea ndani kumpisha. Alionekana tena dirishani, upande wa mbali, akitafuta mkanda wa kiti. Basi liliondoka. Bi Time alisimama mpaka vumbi likatulia, akaona bado ni mapema, akaelekea sokoni kutazama kama samaki wamefika.