Chaza Waliofumba

"Huyu naye kafumba," Mama Kokoto alisema, akamweka chaza wa jiwe kwenye sinia la kushoto.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, pande la mwamba limebanwa kati ya magoti yake. Miaka nenda miaka rudi alipasua mawe ya pwani kuwa kokoto, na chaza walioganda ndani aliwaponda pamoja na mengine yote. Nani alikuwa na muda nao? Sasa mtafiti, binti mwenye kofia pana na maneno mengi, alitaka watolewe wazima, kwa nyundo ndogo, msumari na brashi. Wenzake walimtania kwamba amepata kazi ya kuogesha watoto.

"Mbona unataka tuwatenge?" aliuliza. "Walio wazi kule, waliofumba huku. Si wote chaza tu?"

"Chaza akifa kifo chake, mama, nyama hulegea na vifuniko vyake hufunguka vyenyewe," mtafiti alisema. "Aliyefumba hivi alifukiwa ghafla, yungali hai, enzi hizo bahari ilipokuwa juu ya mwamba huu. Alijibana humo gizani mpaka mwisho."

Akafuta miwani yake. Alikuwa mgeni pale, maskini, hakujua anasema na nani.

Mume wa Mama Kokoto alikuwa mchimbaji. Ukuta wa machimbo ulimporomokea mchana kweupe, mkewe akipasua kokoto upande wa pili, na hakutolewa. Alasiri ile, kila alipoweka nyundo chini, mwanamke huyu alisikia ngo, ngo, ndani ya mwamba. Akamkimbilia msimamizi.

"Ni mwangwi wa nyundo yako," msimamizi alimwambia. "Mumeo kafa papo hapo, hakusikia kitu. Nenda nyumbani ukalie."

Akaenda. Mungu wangu, akaenda! Na mwangwi gani huo wa nyundo iliyolala chini? Tangu siku hiyo hakuwahi kugonga jiwe bila kusita kidogo, kichwa kimeinama upande, kusikiliza. Watu walidhani ameanza uziwi.

Jioni mtafiti alimfuata mlangoni, kofia mkononi.

"Nimeambiwa habari za baba. Nisamehe, mama, mdomo wangu huu! Tulipanga kufukua pale palipoporomoka. Ukisema hapana, hatugusi."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani. "Nani huyo anayenong'ona mlangoni kwangu kama mdai?"

Alikuwa mama mkwe. Macho yalikuwa yamemwishia nuru, lakini masikio, wacha wee! Alipoelezwa, alikunjakunja pindo la kanga.

"Mwanangu amekaa humo vya kutosha," alisema. "Atolewe nimzike."

"Mama, na tukikuta…"

"Tukikuta nini? Si alikufa papo hapo? Wewe mwenyewe uliniambia."

"Papo hapo, mama," Mama Kokoto alijibu.

Siku ya kufukua, mama mkwe alikaa kwenye kiti kivulini, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hushika sururu kama mwiko. Kifusi kilipungua taratibu. Kisha sururu ikazama, na nyuma yake pakafunguka uwazi, mkubwa kama stoo ya jikoni. Mtafiti aliingia kwanza. Alitoka analia.

Mama Kokoto akaingia. Mifupa ilikuwa imeketi, imeegemea mwamba, nyundo mapajani. Ukutani, mbele yake, palikuwa na shimo lililochongwa kwa kugongwa pale pale, pigo juu ya pigo, kina chake kama bakuli. Chaza waliokuwa hapo walisagika wakawa unga mweupe. Alitia ngumi ndani, ikaenea.

"Vipi?" mama mkwe aliita kutoka nje.

Aliutoa mkono shimoni. "Papo hapo, mama. Hakusikia kitu."

"Mungu ashukuriwe. Njoo unishike mkono, nimuage."

Ungemkatalia vipi mama wa mtu? Alimwingiza polepole, akaupeleka mkono wa mzee upande wa pili wa ukuta, mbali na shimo. "Hapa, mama. Agana naye hapa."

Lakini mkono wa kipofu haukai. Ulitambaa juu ya chaza, mmoja hadi mwingine, vidole vikipapasa migongo yao yenye mikunjo. Mama Kokoto alitaka kuushika, akashindwa. Mkono ukafika ukingoni, ukatumbukia shimoni, ukatulia. Kisha ukaanza kuzunguka mle ndani, ukigusa kovu moja moja.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, kwa sauti ndogo ambayo Mama Kokoto hakuwahi kuisikia. "Ulimsikia?"

Nje, sururu zilikuwa zimenyamaza.

"Nilimsikia, mama."

Mzee hakulia wala hakumlaani. Alinyoosha mkono wake mwingine, kiganja juu.

"Nipe nyundo."

Mama Kokoto akampa ile yake ndogo ya kutolea chaza. Mama mkwe alipapasa ukingo wa shimo, akapima, akagonga mara moja. Ngo. Kisha akaishusha nyundo, akainamisha kichwa upande.