Swali Lako ni Marudio

1.

BARAZA LA TUMBIRI
*Maswali na majibu kwa watumiaji wa lugha ya Tumbiri. Wanachama hai: 14*

Jumatatu, saa sita mchana
Kutoka kwa: nakiete_m

Jamani, habari za mchana. Mimi ni karani wa kumbukumbu hospitalini, siyo mtaalamu. Mfumo wetu wa orodha ya wagonjwa umeandikwa kwa Tumbiri. Una mstari wa kuondoa majina yanayojirudia. Mstari huo unamfuta mtu ambaye hajajirudia. Ni mtu kamili, amekaa mbele yangu hapa. Naomba msaada haraka maana anatakiwa kusafishwa damu na

Jumatatu, saa sita na dakika nne
SWALI HILI LIMEFUNGWA. Sababu: ni marudio. Tazama "Nitaondoaje mistari inayojirudia kwenye orodha?", lililojibiwa miaka saba iliyopita.
*shaali_m, mlinzi wa baraza*

2.

Dakika nne. Maji ya chai hayachemki kwa dakika nne, lakini mlinzi aliyeko Unguja ameshasoma, ameshaelewa, ameshapima na ameshafunga. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Wewe unayesoma, huenda hujawahi kuisikia Tumbiri. Usijilaumu. Ni lugha ya kuandikia programu ndogo ndogo, iliyobuniwa na wanafunzi wa chuo waliokuwa na muda mwingi, na aliyetutengenezea mfumo aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Alihamia Mwanza akaniachia karatasi moja ya maelezo yenye doa la mafuta. Tangu hapo mimi, Nakiete Mringo, niliyesomea kupanga mafaili, ndiye fundi.

3.

Nililifungua hilo swali la miaka saba. Pale barazani wana desturi yao: jibu lenye herufi chache ndilo linaloshinda, na jina la mshindi linatundikwa juu wiki nzima. Majibu marefu yanakosa kura. Yakikosa kura yanafichwa, na anayeweza kuyafichua ni mlinzi peke yake.

JIBU LA shaali_m, herufi 19. JIBU FUPI LA WIKI

    pekua orodha > safi

JIBU LA PILI, herufi 29

    [limefichwa kwa kukosa kura]

*Maoni chini yake:*
— Jibu la kwanza linatazama jina tu. La kwangu linatazama namba ya faili. Je, watu wawili wakiwa na jina moja?
— *shaali_m:* Majina yote matatu? Labda kwenye hadithi. Herufi kumi za bure, ndugu yangu.
— Lakini si

Basi. Hakuendelea. Mstari wa herufi kumi na tisa ndio ulio kwenye mfumo wetu.

4.

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE, KITENGO CHA KUSAFISHA DAMU

(a) Orodha itatolewa na mfumo siku moja kabla ya huduma, saa nne kamili asubuhi. Ikishatolewa, imefungwa.
(b) Mashine ni sita, zamu ni mbili, wagonjwa ni kumi na wawili. Nafasi ikibaki, mfumo utaijaza kutoka kwa wanaosubiri.
(c) Ni MARUFUKU kuongeza jina kwa kalamu. Imebainika kuwa huko nyuma majina yaliongezwa kwa kujuana.
(d) Jina lifanane na la kitambulisho.

5. NAMBUA ELISANTE MSHANA

Nina miaka sabini na minne. Kwetu jina haliendi kwa mtoto, linaruka. Kaka yangu alimpa mwanawe jina la baba yetu, Elisante. Elisante huyo alipopata binti akampa jina langu. Mshana ni la ukoo. Siku ile nilicheza ngoma na goti langu bovu. Sikujua kuwa nampa na figo.

Mimi ni Jumatatu na Alhamisi, mwaka wa tano sasa. Mwaka juzi nilikosa mara moja tu, mapafu yakajaa maji, nikabebwa kwa machela. Kwa hiyo sikosi.

6. NAMBUA ELISANTE MSHANA

[Kipande hiki kimeondolewa. Jina limejirudia.]

7.

Hapana. Hakiondolewi. Nakirudisha mimi Nakiete, kwa kalamu, marufuku au si marufuku:

*Nina miaka ishirini na tisa. Nafundisha hesabu darasa la sita. Nimehamishiwa Same kutoka Tanga, na huko mashine ya mwisho nilipata Alhamisi iliyopita. Jumatatu bibi yangu aliingia zamu ya asubuhi. Mimi nikangoja ya mchana. Yakasomwa majina sita.*

*Langu*

*halikusomwa.*

*Leo Jumanne viatu haviingii. Nimeenda darasani na ndala, na watoto wamenyamaza kwa adabu ninayoichukia. Naogopa. Nasema wazi, naogopa.*

8.

Nilichojaribu, Jumatatu hadi Jumanne:

Kuufuta mstari wote. Kila mgonjwa yumo kwenye daftari la kliniki na yumo tena kwenye daftari la wodi, kwa hiyo kila jina likatoka mara mbili. Watu sita wakajaza nafasi kumi na mbili. Nikaurudisha mbio.

Kuandika "Nambua Elisante Mshana B". Kitambulisho hakitambuliki.

Kumwona mganga mfawidhi. Akaniuliza, "Mfumo unasemaje?" Mfumo hausemi, daktari. Ndiyo shida yake.

Kusali.

Kulia kidogo stoo, nyuma ya makabrasha ya mwaka tisini na nane.

9.

Jumanne, saa nane mchana
Kutoka kwa: nakiete_m

Swali langu SIYO marudio. Jibu lenu la miaka saba ndilo tatizo langu. Tafadhali msome kwanza kabla ya

Jumanne, saa nane na dakika mbili
SWALI HILI LIMEFUNGWA. Sababu: ni marudio ya swali lililofungwa kwa kuwa marudio. Mwanachama akirudia, atasimamishwa siku saba.

10.

Siku saba! Nambua alikuwa na siku mbili.

Namba ya simu ya Shaali ilikuwa kwenye ukurasa wake, chini ya "mwalimu wa kompyuta". Nilimpigia Jumatano saa tatu na nusu asubuhi. Orodha ya Alhamisi ilikuwa inatoka saa nne.

— Habari za asubuhi. Naongea na Shaali Mbarouk?

— Ndiye. Nani mwenzangu?

— Nakiete. Umenifungia swali mara mbili.

— Aaa, wewe! Dada yangu, lile lishajibiwa zamani.

— Jibu lako linamfuta mtu, kaka.

— Haliwezi kufuta mtu lile. Linafuta mstari.

— Kwenye mfumo wetu mtu ndiye mstari! Wapo wawili, majina yote matatu sawa, bibi na mjukuu. Huku kwetu majina yanarudi hivyo. Mmoja anasafishwa damu, mwingine hajasafishwa tangu Alhamisi iliyopita na kesho ni Alhamisi.

— Yote matatu?

— Yote matatu.

— Basi si mtumie namba ya faili?

— Namba ipo! Jibu lako haliitazami. Lililokuwa linaitazama umelificha wewe.

(Nasikia feni.)

— Lile... Lile lilikuwa refu.

— Kwa herufi kumi, kaka Shaali. Nimehesabu. Nipe hizo herufi kumi, nakuomba, orodha inafungwa saa nne.

— Sasa hivi, dada. Hebu n'lifungue. N'nakutumia sasa hivi.

11.

saa tatu na dakika arobaini
    (hakuna ujumbe)

saa tatu na dakika hamsini
    (hakuna ujumbe, simu haipokelewi)

saa nne kamili

ORODHA YA ALHAMISI. WAGONJWA 12. NAFASI 0.
4. NAMBUA ELISANTE MSHANA
ORODHA IMEFUNGWA.

saa nne na dakika ishirini
*shaali_m:* Dada Nakiete, tayari! Nimelipunguza, limefika herufi 25! Nimelijaribu mara tatu.

    pekua orodha:faili > safi

Nililiingiza. Linafanya kazi vizuri kabisa. Orodha ya Jumatatu ijayo itakuwa na Nambua wawili. Ya kesho ina mmoja, na haina namba ya faili, ina jina tu. Nilitaka kuirusha simu ukutani.

12. SHAALI

Na mie n'na haki ya kusema.

Saa tatu na dakika thelathini na tano lile jibu lilikuwa mkononi mwangu, zima, herufi ishirini na tisa. Nilikuwa nishaweka kidole nilitume. Nikaliona refu. Nikasema nikate moja tu. Nikakata mbili. Ile mikono ishazowea, wallahi, miaka saba mchezo ndio huo huo. Simu ililia nikaigeuza uso chini nisipoteze hesabu.

Aliponambia kuwa saa nne ilikuwa imeshapita, nilikaa. Nimelifunga lile jibu langu la zamani. Pale panapotakiwa sababu nimeandika: *linafuta watu*. Mwanachama mmoja ameshauliza kama siwezi kuiandika kwa ufupi zaidi.

Nimemwomba dada Nakiete namba ya huyo mwalimu nimwombe radhi. Kanijibu: subiri kwanza kesho ipite.

13.

Alhamisi, saa moja asubuhi, mlangoni pa kitengo.

Sikuwa na kazi pale. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa ofisini. Nambua mdogo alikuja na ndala, uso umevimba, anapumua kama aliyepanda ngazi. Bibi yake alimshika mkono kutoka getini. Walikaa kwenye benchi, wote wawili na vitambulisho vyao mapajani.

"Sista," nilimwambia Sista Apaisaria, "unawaona."

"Nawaona, Nakiete. Nimempigia mganga mfawidhi mara mbili. Nimepiga Moshi, na wao wamejaa." Aliinua karatasi. "Mashine sita. Majina sita zamu hii, sita mchana. Hakuna hata mmoja wa kumwambia akae nje."

Akaanza kusoma. La kwanza, la pili. Watu wakainuka wakapita kati yetu na mashuka yao. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto.

"Nambua Elisante Mshana."

Hakuna aliyeinuka.

"Nambua Elisante Mshana. Nasoma mara ya pili."

"Huyu hapa," akasema bibi, akamsukuma mjukuu wake begani.

"Huyu hapa," akasema mjukuu, akamkamata bibi yake mkono kumwinua.

"Sista, huyu ni mtoto, ana wiki nzima—"

"Sista, bibi alikosa mara moja tu akabebwa kwa—"

"Nyamaza wewe, nilikupa jina mimi!"

"Basi lichukue, bibi! Nakurudishia! Lichukue uingie!"

Sista Apaisaria aliishusha karatasi. Akanigeukia mimi, karani: "Faili la nani, Nakiete?"