Ile Ngulube Moja Yenye Ilipona

Kabedi alijua kama dume yake ya ngulube inakohola. Pale Dilala, nyuma ya manyumba ya bafanyakazi ya mine ya shaba, jirani wote baliisikia asubuhi. Lakini jirani yake Bilonda alipomuuliza kama dume iko na ugonjwa, Kabedi akacheka tu:

— Eh mama, ni mavumbi ya machimbo hiyo! Leta ngulube yako, usiogope.

Bilonda alikuwa na ngulube moja, jike. Alitaka ile ngulube izae, batoto yake bachinjiwe bageni ku ndoa ya binti yake, Tshibola. Akaipeleka kwa dume ya Kabedi. Sheria ya bafugaji ya pale ilijulikana: mwenye dume halipwe, lakini batoto bakiacha ziwa, ni yeye wa kwanza kuchagua mumoja, anabeba.

Jike ikarudi na kikohozi. Ikazaa muzuri, kisha batoto nabo bakaanza kukohola. Balihema na tumbo, masikio ikageuka bluu, povu ya damu ikatoka mu pua. Bakakufa, mama yao naye. Akabakia mutoto mumoja tu.

Tata Mukalay, veterineri, munganga wa nyama wa zone, akapasua moja yenye ilikufa: mapafu ilikuwa ngumu na nyeusi sawa maini.

— Ni microbe, mama. Na hii yenye ilipona, usiichanganye na zingine. Unaiona muzima, lakini microbe iko inalala mu kifua yake. Itabaambukiza benzake. Uichinje, mukule.

— Ndiyo, tata.

Ku ndoa, bageni bakakula bukari ya mahindi na sombe, majani ya muhogo, basi. Kabedi akasema kwa sauti, mbele ya bakwe:

— Jameni, nyama iko wapi? Ao leo tunafunga kwaresima?

Batu bakacheka. Tshibola akainamisha kichwa. Bilonda akazunguka na sahani, akamuongeza Kabedi sombe.

Ile ngulube hakuichinja. Akaitunza na makapi ya munkoyo, ile pombe ya mahindi, akaikuna mugongo, ikanona, ikang'aa. Akangoja. Dume ya Kabedi ikakufa nayo. Kabedi akasafisha lupango yake, kiwanja ya kufugia, akaleta ngulube zingine toka Kasaji na treni, nzuri, kubwa. Akazitembeza mu avenue sawa bibi-arusi.

Siku ya salongo, kazi ya batu wote ya mutaa, wakati banafyeka majani pamoja, Kabedi akamukaribia.

— Bilonda, sijachagua mutoto yangu ya ngulube.

— Imebakia moja tu, mama.

— Hata moja. Sheria ni sheria.

— Sikatae. Iko pale, ingia uikamate mwenyewe.

Kabedi akaibeba na furaha, akaitia katikati ya zile za Kasaji. Bilonda akarudia kufyeka.

Mbele mwezi umalizike, kikohozi ikasikilika ku lupango ya Kabedi. Bilonda alifungua dirisha ili aisikilize vizuri. Siku Kabedi alilia ngulube zake zenye zilikufa, Bilonda akafunga kikwembe ku kiuno, akaenda kumusaidia kuzika, sawa jirani anapashwa kufanya. Aliangalia masikio ya kila moja.

Ku shimo, Kabedi akasimama.

— Ulijua?

— Nilijua.

— Na ukanyamaza, Bilonda? Miye jirani yako?

— Mi nilikuja kwako na ulizo. Weye ulikuja kwangu na sheria.

Bilonda akainama, akashika ile kubwa kuliko zote ku miguu ya nyuma.

— Haya, shika kichwa. Iko nzito, ulikuwa unaikulisha vizuri.