Tundu Mama

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, matundu 9,216 yalitoweka kwenye skrini ya Wiltrud Knapp. Lilibaki bamba tupu la chujio.

Alikuwa amefuta tundu moja tu. Mteja alitaka pale penye tundu la kwanza pabaki chuma kizima, pachomelewe kipimajoto. Lakini tundu hilo ndilo mama. Programu ya kuchorea ilikuwa imelinakili mpaka yakawa 192, kundi moja, kisha ikalinakili kundi hilo mpaka yakawa makundi 48 kuzunguka bamba. Mama akifutwa, watoto hawabaki.

Kuyarudisha kulichukua dakika ishirini na nne, kompyuta ikikokotoa kila tundu upya. Saa sita kamili mashine ya leza, inayotoboa chuma, ingepewa kazi nyingine. Na siku hiyohiyo Bwana Gölz, mkuu wa wachoraji, angejaza fomu ya Wiltrud: miezi minne ya majaribio imekwisha, aajiriwe au aende.

Simu ikalia. Alikuwa Eberle wa leza.

“Bi Knapp, chuma chako kimelala hapa kama mgonjwa anayengoja daktari. Nikifunike shuka?”

“Nusu saa, Eberle.”

“Hata jana ulisema nusu saa. Mkate wangu nishaumaliza, sasa natafuna kucha.”

Wiltrud alimhamisha mama hadi nafasi ya jirani, ili ile ya kwanza iwe ya mtoto, kisha akaiamuru programu imruke mtoto huyo. Saa tano na dakika ishirini na nane hesabu ilitoka: 9,168. Yamepungua 48. Kila kundi lilikuwa limeruka tundu lake. Akaiamuru kompyuta irudishe mchoro wa mwanzo.

Saa sita kasoro dakika nane matundu yalikuwa yametimia. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuliziba tundu, humo kwenye mchoro, kwa kipande cha chuma, mwisho kabisa wa hatua zote. Ukutani, juu ya kila skrini, Gölz alikuwa amebandika: HAKUNA VIRAKA. Atakayesogeza matundu kesho atakiacha kiraka nyuma. Wiltrud aliijua sababu hiyo, na aliona ni ya haki.

Akaziba. 9,215.

Gölz alikuja, miwani kipajini, akateremsha orodha ya hatua mpaka chini.

“Nini hii, Bi Knapp?”

“Kiraka, Bwana Gölz.”

“Ukutani pameandikwa nini?”

“Hakuna viraka.”

“Kumbe kusoma unajua.” Akatazama saa. “Kimekaa mahali pake?”

“Kimekaa. Nimepima mara mbili.”

“Pima ya tatu, nikiona.”

Akapima. Gölz akautia mchoro saini.

Saa sita kasoro dakika moja Eberle alipokea faili. Saa sita na dakika tatu leza ilitoboa tundu la kwanza. Saa sita na dakika tisa fomu ilifika mezani kwa Wiltrud. Hapakuwa na alama kwenye “aajiriwe” wala kwenye “aende”. Chini, kwa mkono, paliandikwa: Majaribio yaongezwe miezi miwili. Mchoro ujengwe upya, bila kiraka.