Msikiti Wenye Kadi Mbili

Msikiti wetu wa Mpendae ulikwisha kuezekwa, ukapakwa rangi, mabomba ya kutawadhia yakatoa maji, na mlango ukatiwa kufuli. Kufuli hilo halikuwa la kuzuia wezi. Lilikuwa la kamati. Kamati ilisema msikiti usio na jina haufunguliwi, na jina lenyewe hawakubaliani.

Kiwanja kilikuwa cha marehemu mke wangu, Biasha. Alikirithi kwa babaake. Alipoona maradhi yamemkaba, na kila tukenda hospitali mashine mbovu na mkubwa wao yuko semina, akaniambia, "Ubwa, kiwanja changu nnakitia wakfu. Wajenge msikiti. Kila atakaesali pale, na mie nipate fungu langu hukohuko nitakokuwa."

Akafa na tamaa hiyo. Sasa nambie wewe unaesoma: fungu gani atapata mtu kwa msikiti uliofungwa? Mke wangu yumo kaburini anangoja thawabu, na thawabu zimekwama kwenye kamati, kama kila kitu nchi hii kinavyokwama kwenye kamati.

Mwenyekiti ni Mbarouk, mstaafu wa serikali, mtu ambae hata akikohoa anakohoa kwa ajenda. Yeye alitaka uitwe Masjid Mapinduzi. Babaake alikuwemo mwaka wa sitini na nne, na kila kikao lazima tumsikie babaake upya. Upande wa pili yuko Hamid. Ukoo wake uliondoka mwaka huohuo kwenda Maskati, nae karudi uzeeni, kanunua nyumba Mpendae, na kauletea msikiti zulia. Yeye alitaka Masjid Sultani, ati kuwakumbuka walioleta ustaarabu. Zulia ni zuri, jekundu, sisemi uongo. Lakini lilikuwa limelala uani kwa Mbarouk ndani ya nailoni yake, maana mwenyekiti alisema zulia la Sultani halitandikwi mpaka jina lipite.

Kikao cha mwisho nilikuwepo, barazani kwa mwenyekiti.

"Babu yako," alisema Hamid, "alikuwa akimchotea maji babu yangu."

"Kweli kabisa," akajibu Mbarouk. "Na siku babu yako alipokimbia akaacha birika linachemka, babu yangu alikaa kwenye kiti chake akainywa ile chai. Alisema sukari haikukolea."

Watu wakacheka, mmoja nusura aanguke barazani. Hata Hamid alicheka, halafu akakumbuka kuwa yeye ndie aliyetukanwa, akanuna.

Nikanyanyua mkono. "Samahanini, wakubwa. Sultani alibeba tofali gani pale? Na Mapinduzi yalikoroga saruji siku gani? Mbona mie nliwaona mafundi tu?"

"Mzee Ubwa," akaniambia mwenyekiti, kwa upole wa kumwambia mtu asiyejua kitu, "suala hili lina historia. Linataka watu waliosoma."

"Aliyetoa kiwanja alikuwa akikaanga vitumbua. Yeye historia yake mmeiweka wapi?"

"Alaa! Kumbe unataka uitwe Masjid Biasha?"

"Sitaki. Na mwenyewe hakutaka. Nataka ufunguliwe watu wasali. Uiteni hata Masjid Kamati, mie hainihusu."

Kikao kikaahirishwa. Kuahirisha ndo jambo pekee walilokuwa wakikubaliana bila ya kupiga kura.

Wazee wakivutana hivyo, watoto wao walikuwa hawana habari na Sultani wala Mapinduzi. Faiza wa Mbarouk na Ridhwan wa Hamid walikuwa wakifanya kazi hoteli moja Mji Mkongwe, wakapendana. Posa ikapelekwa, mama wa huku na mama wa kule wakakubaliana, nguo zikashonwa. Akina baba waliposhtuka, imebaki kazi yao ya kusema ndiyo. Wakasema ndiyo.

Hapo mie nikaiona njia. Kwetu ndoa hufungwa msikitini, wanaume wakishasali, na kila upande unawaalika watu wake kwa kadi zake. Asubuhi nikenda kwa Mbarouk.

"Mwenyekiti, vikao vya nini tena? Fungisha ndoa ya mwanao palepale. Andika kwenye kadi: Masjid Mapinduzi, Mpendae, baada ya sala ya Alasiri. Kadi ikishafika Tumbatu, ikafika Makunduchi, jina hilo atalifuta nani?"

Macho yakamng'ara. "Mzee Ubwa! Kumbe una akili."

"Ya kuazima, mwenyekiti. Lakini usimwambie Hamid."

Mchana wake nikawa kwa Hamid, nakunywa kahawa yake. "Bwana Hamid, hebu fikiri kadi inafika Maskati, imeandikwa kwa wino wa dhahabu, Masjid Sultani. Atalifuta nani? Lakini usimwambie Mbarouk." Nae akaniona nina akili. Sijapata kusifiwa tangu nizaliwe, na siku ile nilisifiwa mara mbili. Kufungia ndoa pale wakakubaliana bila ya kikao, na siri ya jina wote wawili waliiweka. Wakubwa ukitaka waweke siri, wape ya kumficha mwenziwao.

Siku ya ndoa ikafika, na Alasiri haijaingia tayari pamechafuka. Wa mwanzo kufika alikuwa Simai, jamaa yake Mbarouk wa Tumbatu, jasho limemrowesha mpaka kofia.

"Aliyebuni jina hili yuko wapi?" akauliza. "Kila ninaemuuliza Masjid Mapinduzi ananipeleka Michenzani! Nshauzunguka ule mnara wa Mapinduzi mpaka askari kaniuliza kama nnataka kuununua."

Wageni wa Hamid ndo usiseme. Wao walielekezwa Forodhani, kwenye jumba la kifalme la zamani, na mtu wa mlangoni akataka kuwakatia tiketi kama watalii, na majoho yao. Walipofika Mpendae wameshavimba. Mmoja akasimama karibu na Simai, akaichungulia kadi yake.

"Yako mbona imeandikwa Mapinduzi?"

"Na yako mbona Sultani?" Simai akageuka huku na huku. "Jamani, kwani leo wanaoa watu wangapi hapa?"

Kadi zikafika mikononi mwa wenyewe. Mbarouk akasoma ya Hamid, Hamid akasoma ya Mbarouk.

"Umenizunguka!"

"Wewe ndie uliyenizunguka!"

Mie nikawa naitazama dari ya kibaraza cha msikiti kama fundi aliyekuja kuikagua.

Mbarouk akautia ufunguo mfukoni mwa kanzu. "Hafungui mtu. Nendeni kwa Sultani wenu akawafungulieni."

Ridhwan maskini amesimama na joho lake na kilemba, jua linamchoma. "Baba," akamwambia Hamid, "mie nimekuja kuoa tu." Hakuna aliyemsikia. Simu ya Mbarouk ikalia. Alikuwa mkewe, Mwanapili, na sauti ya Bi Mwanapili haihitaji spika: "Mtoto keshapambwa, wewe unagombania ubao wa jina? Mbarouk, nikija hapo nnakuja na mwiko!" Watu wakacheka, mwenyekiti akaikata simu, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Kisha Hamid akasema, "Basi. Twendeni msikiti mwengine. Misikiti imejaa mji mzima." Na watu wakaanza kutafuta makubadhi yao.

Mpango wangu ulikuwa umefika mwisho, na mwisho wenyewe ndo huu: ndoa itafungwa pengine, kufuli litabaki, kamati itakaa mpaka sote tuzikwe, na Biasha ataendelea kungoja. Nikatazama saa ya Simai. Alasiri imeingia. Nikapanda ngazi, nikasimama mbele ya mlango uliofungwa, nikaelekea kibla, nikatia vidole masikioni, nikaadhini.

Mwanzo sauti ilinikwaruza. Halafu ikafunguka, sijui ilitoka wapi. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Aliyekuwa amenyanyua mguu avae kubadhi akaurejesha chini.

Nilipomaliza, Sheikh Mmanga, aliyekuja kufungisha ndoa, akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Mbarouk, umeitwa. Unaitika, au niwaambie watu wasali hapa mchangani na wewe na ufunguo wako mfukoni?"

Mbarouk akanitazama mie kwa jicho ambalo, nikifa kesho, polisi waanzie kwake. Halafu akafungua.

Ndani sakafu tupu, saruji na vumbi. Mbarouk akasema bila ya kumtazama mtu, "Zulia liko kwangu." Wakenda kulichukua wawili wao, wakalibeba kichwa huku na kichwa huku.

"Inua upande wako, Hamid!"

"Upande wangu ushainuka, wewe ndo mvivu tangu babu yako!"

Likatandikwa. Tukasali. Paji la uso likanukia nailoni, na katika sijida ya mwisho nikamwambia Biasha, haya, fungu lako la kwanza hilo, limechelewa kwa sababu unazozijua. Nikachelewa kuinuka, aliyekuwa pembeni yangu akadhani naumwa mgongo.

Ndoa ikafungwa. Sheikh Mmanga alipofika pa kuandika mahali ilipofungwa, wazee wawili wakafunua vinywa kwa pamoja. Yeye akaandika Mpendae, akaomba kahawa.

Halua ikaliwa, na mie nikatoka. Makubadhi yangu hayapo. Nikatafuta ngazini, nikatafuta nyuma ya ukuta, hayapo.

"Pole, Mzee Ubwa," akasema mwenyekiti. "Kamati italifuatilia."

"Msilifuatilie, tafadhali! Msikiti ukishaibiwa viatu, basi huo umefunguka, haurudi nyuma."

Nikenda zangu peku, mchanga wa moto, narukaruka mpaka kwangu. Magharibi nikarudi, peku vilevile. Mlango ulikuwa wazi, na ndani mna watu nisiowajua, wapita njia tu, wanasali.