Siku ya Kumi ya Delroy

Hofu ilimwamkia Delroy Hutchins asubuhi ile, hata kahawa haikushuka. Ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba wake wa siku kumi na timu ya mpira wa kikapu ya Omaha. Miaka thelathini na sita, magoti yote mawili yameshapasuliwa. Asipoongezewa mkataba leo, hakuna timu nyingine itakayompigia simu.

Na Omaha walitaka kufungwa. Tuseme ukweli, maana wao hawakuusema. Katika ligi ile, timu zinazoburura mkia ndizo zenye nafasi kubwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua wachezaji wapya, na mwaka huu kulikuwa na kijana mmoja wa Kansas, Thaddeus Boone, ambaye mashabiki walishavaa jezi zenye jina lake kabla hajasaini popote. Kocha Lindqvist hakutamka neno "kufungwa" hata mara moja. Alisema tu, "Tuwaache vijana wajifunze," na wenye masikio wakasikia.

"Babu, leo magoti yako yanalia kama mlango wa choo," Tremaine, mmoja wa vijana wa timu, alimtania wakipasha misuli.

"Subiri yalie yako, mjukuu wangu."

Delroy alicheka, akaendelea kunyoosha magoti.

Robo ya mwisho, vijana wawili wakatolewa kwa faulo, wa tatu akateguka kifundo cha mguu. Kocha aliangalia benchi mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Hutchins, ingia. Na usi... we cheza tu taratibu, kaka."

Zikabaki sekunde nne, Omaha wako nyuma kwa pointi moja. Tremaine alizibwa na watu wawili, akarusha mpira pembeni bila kuangalia. Ukamfikia Delroy, yuko peke yake, mahali alipozoea kufungia maisha yake yote.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akifunga, amewaharibia mipango yao, na kesho anafungasha virago. Akikosa makusudi, timu zote zitaitazama picha ile, na yeye ataiona kila akifumba macho. Mama yake hakumlea hivyo. Liwalo na liwe, akasema moyoni, akaruka, akarusha kwa nia yake yote.

Mpira uligonga chuma, ukazunguka, ukatoka nje.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mashabiki wa nyumbani, waliofungwa nyumbani, walikumbatiana huku wakiliimba jina la Boone.

Meneja mkuu, Whitlock, alimfuata mwenyewe chumba cha kubadilishia nguo, karatasi mkononi.

"Utu uzima dawa, Hutchins! Mtoto angefunga ile. Wewe unasoma mambo. Baki nasi mpaka msimu uishe."

"Bosi, mimi nilitaka kufunga."

Whitlock akamkonyeza. "Safi kabisa. Waandishi nao uwaambie hivyo hivyo."

"Nakwambia kweli. Nililenga!"

"Tumeelewana, mzee. Saini hapa."

Delroy alisaini. Kazi alikuwa ameipata, lakini woga uliomshika sasa haukuwa na mkataba wa kuuondoa. Alikuwa amesimama vizuri, ameruka vizuri, hakuna aliyemzuia, na mpira haukuingia.