Sketi Iliyomkaa Sawasawa

Mimi ni fundi cherehani, na nikipunguza sketi huwezi kuona ilipopunguzwa. Majirani hunisifu kwa hilo. Siku hizi sifa hizo zinanichoma.

Binti yangu tunamwita Cheche. Alikuwa hatulii. Ukimtuma chumvi, anarudi na paka. Mwalimu wake aliniita shuleni mara nne kwa muhula mmoja, na mara ya nne akasema asipotulia atarudia darasa. Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima, akatuuliza maswali chungu nzima, kisha akamwandikia vidonge vya kumsaidia kuwa makini. Hakunificha kitu. Alisema vinaweza kumkata hamu ya kula, kumpunguza uzito na kumwendesha moyo mbio.

"Kila mwezi mlete tumpime, mama. Usije peke yako."

Vidonge vilifanya kazi, nisiseme uongo. Haukupita muda Cheche akawa anamaliza hesabu zake bila kuinuka kitini. Mimi niliyezoea kuingia shuleni kwa kujibanza ukutani, nikaanza kukatiza katikati ya uwanja, kichwa juu. Nilionja raha ya kuitwa mama wa mtoto mzuri, na raha ile ilinilevya.

Mwezi wa kwanza sketi ya shule ikaanza kumvuka. Nikaipunguza kiunoni. Mwezi wa pili nikaipunguza tena, na wa tatu tena. Chakula chake cha mchana kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda, nami nikajitia hamnazo. Hospitali nilikwenda peke yangu. Nikadanganya kwamba Cheche ana mtihani, maana niliogopa wakimweka kwenye mizani watatunyang'anya vile vidonge.

"Anakula?" daktari aliuliza.

"Anakula."

"Nguo hazimpwayi?"

"Zinamkaa sawasawa."

Na kweli zilimkaa sawasawa. Mshonaji si mimi?

Mwezi wa nne nilimsimamisha tena mbele ya cherehani, pini mdomoni. Nilipomzungushia futi kifuani, maana sasa hata blauzi ilimpwaya, vidole vyangu vikakutana na moyo wake. Ulikuwa unadunda kama mtu aliyetoka mbioni, na mtoto alikuwa amesimama tu.

"Umekimbia?" nikamuuliza.

"Hapana. Huwa hivyo, hata nikikaa."

"Tangu lini? Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nilidhani unajua, mama. Si wewe unayenipima?"

Nilitema pini zote sakafuni. Sikungoja hata kufunga mlango wa chumba cha kazi. Nilimshika mkono tukaenda hospitali vile vile, yeye na sare yake, mimi na futi shingoni.

Daktari alimpima uzito, kisha moyo, kisha moyo tena. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema dawa ile huwafaa watoto wengi, ila Cheche asinywe tena mpaka moyo wake uchunguzwe kwa mashine, na uchunguzi ungefanyika siku ile ile.

"Amepungua sana," akasema. "Ilianza lini? Nahitaji kujua ilivyokwenda."

Nikapiga magoti mbele ya mwanangu, nikapindua ukingo wa sketi pale kiunoni, nikamwonyesha daktari upande wa ndani. Mistari mitatu ya uzi ilikuwa imefuatana, kila mmoja ndani zaidi ya mwenzake. Nikamtajia mwezi wa kila mstari, naye akaandika. Kila nilichomficha kilikuwa pale, kimeshonwa kwa mkono wangu.

Daktari akapitisha kidole juu ya ile mishono. "Nani aliishona hii?"

Nilifungua mdomo, lakini Cheche aliniwahi.

"Mama yangu," akasema kwa fahari, huku akigeuka ili daktari aone vizuri. "Ukiangalia kwa nje, huwezi kujua kama nimekonda."